Nyumba ya misheni, ya timu, ya kupanga au kwa familia mwenyeji? Ulinganisho kwa wamisionari wanaohamia ughaibuni

Viza ikishatoka na tiketi ikishakatwa, ofisi inayokutuma huuliza swali moja fupi: mtakaa wapi? Wengi hulijibu harakaharaka, wakihesabu vyumba na kuulizia maji ya moto, kisha wanarudi kwenye mambo wanayoyaona kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mimi naona makazi ni sehemu ya kazi. Nyumba utakayoingia miezi ya kwanza ndiyo itakayoamua utazungumza na nani, kwa lugha ipi, na mara ngapi kwa siku. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza ni watu: nani atapiga hodi mlangoni kwako, na atakuwa amefuata nini. Ukubwa na bei vitafuata.

Kwa kawaida mmisionari huchagua kati ya makazi ya aina nne: nyumba ya misheni ndani ya uzio, nyumba ya timu anayoishi na wamisionari wenzake, nyumba ya kupanga mtaani, au chumba kwa familia mwenyeji. Uchaguzi huu ni wa zamani. Mtume Paulo kule Filipi alikaa kwa Lidia, mfanyabiashara aliyewasihi yeye na wenzake mpaka wakakubali (Matendo 16). Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, washona mahema wenzake (Matendo 18). Roma alikaa miaka 2 katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake, huku akilindwa na askari, akiwapokea wote waliomwendea (Matendo 28). Ni mtu yuleyule katika nyumba tatu, na Luka hasemi popote kwamba mojawapo ilikuwa ya kiroho kuliko nyingine. Nalisema hili kwa sababu wamisionari wakikutana hawachelewi kubishana nani anaishi "kama wenyeji" zaidi, mashindano ambayo wenyeji wenyewe hawana habari nayo.

Ndani ya uzio

Nyumba ya misheni inasemwa vibaya siku hizi, na kwa sehemu inastahili. Lakini tuipe haki yake kwanza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, ndani yake kulikua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilianzishwa na Waanglikana wa shirika la misheni la CMS (Church Missionary Society) katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu wa aina hiyohiyo. Kuishi pamoja chini ya ulinzi wa misheni kuliwakinga wasikamatwe tena.

Kulikuwa pia na homa. Mmisionari Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846, akiwa na Johannes Rebmann, alihamia Rabai, juu vilimani. Enzi zile wengi waliamini kwamba malaria inatokana na hewa mbaya ya mabwawa, kwa hiyo nyumba ya mmisionari mara nyingi ilijengwa mahali pa juu, kando na makazi ya watu. Daktari Ronald Ross alipovigundua vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, hoja ya kujitenga ilipungua nguvu, maana wavu wa madirishani na chandarua hufanya kazi hata katikati ya mtaa. Mazoea ya kukaa kando, hata hivyo, yalibaki mahali pengi, yakapata sababu mpya.

Faida za leo zinajulikana: maji hayakatiki, au yakikatika lipo tangi, fundi yuko karibu, jirani anamjua daktari anayeaminika, watoto wanacheza nje bila mtu mzima kuwafuata. Kwa familia inayotua na watoto wadogo, au mahali ambapo ofisi ya misheni yenyewe imesema hali ya usalama si nzuri, sioni haja ya kuona haya kukaa humo.

Gharama yake huonekana taratibu. Ndani ya uzio, wenyeji unaokutana nao kila siku ni mlinzi wa getini, mfanyakazi wa ndani na fundi bomba. Wote wanalipwa na wewe au na misheni yako. Lugha utakayoizoea basi ni ya kuagiza: lete, funga, subiri, rudi kesho. Unaweza kuijua vizuri sana lugha hiyo na bado usiweze kumfariji mtu aliyefiwa. Na yule jirani ambaye angekuja tu kukaa, bila shida wala shughuli, lazima kwanza ajieleze getini. Wengi hawarudi mara ya pili.

Ukiingia kwenye nyumba ya misheni, ingia kwa muda unaojulikana, ukitaja mwezi wa kutoka kabla hujafungua masanduku. Bila tarehe, uzio una tabia ya kukuzoea.

Nyumba ya timu

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa Serampore, karibu na Kolkata, India. Mwaka 1800 mmisionari William Carey alihamia pale akaungana na Joshua Marshman, William Ward na wenzao. Walinunua nyumba kubwa moja, wakawa na mfuko mmoja, wakala meza moja, wakapokezana kusimamia shughuli za nyumba mwezi mmoja mmoja. Jumamosi jioni waliitenga kwa ajili ya kumaliza tofauti zao na kuahidiana upya kupendana. Watatu hao walidumu pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha. Wamisionari vijana waliofika baadaye hawakuuweza mpango huo. Walijitenga wakaenda kuishi Kolkata.

Mengine yote ya nyumba ya timu yanategemea hiyo Jumamosi. Kama timu unayoalikwa kuishi nayo haina siku maalumu ya kusema yaliyomkera mtu wiki hii, kataa kwa adabu. Wamisionari hawagombani kwa mafundisho ya imani kama wanavyogombana kwa sufuria iliyoachwa na ukoko, nani alimaliza gesi bila kusema, na muziki wa saa kumi na moja alfajiri.

Yapo makanisa ambayo mpango huu si wa kuchagua. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa mfano, wamisionari vijana huishi wawiliwawili, wakilala chumba kimoja kwenye vitanda tofauti. Kiongozi wa misheni ndiye anayepanga nani akae na nani, na wapi, na anaweza kuwahamisha. Wenzi wa ndoa wenye umri mkubwa wanaotumika huko huwa na nyumba yao wenyewe. Kuna wepesi fulani katika kutochagua: hulaumu nyumba wala mwenzako, unaishi.

Kwa lugha, nyumba ya timu inashinda uzio kidogo tu. Upo mtaani, lakini meza ya jioni ni ya lugha uliyotoka nayo kwenu.

Kwa familia mwenyeji

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo penye faida kubwa na pia ndipo watu wanapoumia.

Waliolitetea wazo hili kwa nguvu zaidi ni walimu wa kujifunza lugha Thomas na Elizabeth Brewster. Waliona kwamba siku za mwanzo kabisa mgeni ana njaa ya kushikamana na mtu, na yeyote atakayekutana naye wakati huo ndiye atakayemfanya kuwa "wa kwetu". Akipokewa na wageni wenzake, atashikamana na hao. Kwa hiyo walishauri mgeni ahamie kwa familia ya wenyeji mara tu anapofika, akiwa na mizigo isiyozidi kilo 20, atumie usafiri wa umma tu, na lugha aitafute ndani ya uhusiano na watu.

Kwa lugha hakuna makazi yanayokaribia haya. Darasani utafundishwa kusema "nimechoka". Kwa familia utajua mama wa nyumba anavyolisema akiwa anafurahi, anavyolisema akitaka watoto wanyamaze, na anavyolisema akiwa na jambo lingine moyoni. Mtoto wa miaka sita atakusahihisha bila huruma, atakuiga unavyokosea mbele ya wageni, na kesho yake neno hilo hutalikosea tena. Watu wa mtaa nao wanapata pa kukuweka: badala ya kuwa "yule mgeni", unakuwa "mtu wa nyumba ya fulani". Ukipotea njia, kuna jina la kutaja.

Lakini wenye lugha yetu walishaonya: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa familia mwenyeji, jembe ni swali halisi. Je, unaosha vyombo au unazuiwa? Unachangia matumizi kwa fedha taslimu, kwa kununua vitu vya jikoni, au kwa kupitia misheni? Mambo haya yamalizwe kabla ya kuhamia, na ni heri mtu wa tatu ayazungumze, kiongozi wa kanisa la pale kwa mfano, kwa sababu mwenyeji mkarimu hatakutajia gharama uso kwa uso, na mgeni mwenye aibu hataiuliza. Kiasi kikiachwa hewani, upande mmoja utahisi unanyonywa na mwingine utahisi unafanyiwa hisani.

Jambo la pili ni faragha. Sizungumzii chumba tu. Kila barua, kila simu ya nyumbani, kila siku unayolia kwa ajili ya mzazi anayeumwa mbali, kuna mtu anaona. Wengine hilo huwaponya. Wengine huwamaliza, na si kwa kukosa imani, ni maumbile. Mtu asiyeweza kulala kukiwa na sauti sebuleni asijilazimishe kwa miezi mingi ili aonekane shujaa. Mume na mke wapya katika ndoa nao wanahitaji mlango unaofungwa, na sidhani kama kuna haja ya kulieleza hilo zaidi.

La tatu halisemwi sana. Ukikaa kwa familia, unachukua marafiki wa familia hiyo, na maadui wake pia. Kama baba mwenye nyumba ana kesi ya mpaka wa shamba na mzee wa kanisa, wewe umeshachagua upande bila kufungua mdomo. Kama nyumba ni ya tajiri wa mtaa, maskini watasita kuja. Kabla ya kukubali, ulizia familia ile kwa watu wasiopungua wawili wasio ndugu zao. Na ukishaingia, usihame kwa sababu umepata penye kitanda kizuri zaidi. Yesu alipowatuma wale sabini aliwaambia wasihamehame kutoka nyumba hii kwenda nyumba hii (Luka 10:7), na yeyote aliyewahi kuona uso wa mwenyeji aliyeachwa kwa ajili ya nyumba bora ya jirani anaelewa kwa nini.

Mama Teresa alipotoka kwenye nyumba ya watawa wa Loreto mwaka 1948, kazi mpya ya Kolkata haikuanzia kwenye jengo lake mwenyewe. Februari 1949 alipewa nafasi kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya familia ya Gomes, Creek Lane, na wasichana wa kwanza waliojiunga naye walimkuta huko. Walihamia kwenye nyumba yao ya kudumu mwaka 1953, baada ya ile ghorofa kuwa ndogo mno. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba kwa mwenyeji panaweza kuwa mahali pa kuanzisha jambo kubwa, mradi watu wajue kwamba siku moja watahama.

Kupanga mtaani

Wengi wataishia hapa, na kwa anayekwenda kutumika miaka kadhaa naona ndipo panapofaa kuishia. Mlango ni wako. Anayepiga hodi ni jirani: aliyekuja kuomba kitu, aliyesikia mtoto wako analia, au aliyekuja kukueleza kwamba takataka haziwekwi pale. Huyo wa takataka mshukuru. Amekuhesabu kuwa mkazi.

Tofauti kubwa iko kwenye aina ya nyumba ya kupanga kuliko mtu anavyodhani. Nyumba inayojitegemea yenye ua wake inaweza kugeuka uzio mdogo wa misheni, tofauti ikiwa ukuta tu. Ghorofa yenye ngazi moja inayotumiwa na wote inakukutanisha na watu kila unapotoka kutupa taka, hata siku ambayo huna hamu ya kukutana na mtu. Kati ya hizo mbili, kwa mtu wa mjini, mimi ningechagua ghorofa, ngazi za chini, dirisha la jikoni likiangalia mahali watoto wanapochezea au watu wanapoanika nguo. Mtu anayeonekana akipika huulizwa anapika nini.

Usipange nyumba iliyo kubwa kuliko za majirani wote kwa sababu tu kodi yake, ukilinganisha na ya kwenu, ni nafuu. Ni mtego unaowanasa watu wema. Vyumba vya ziada vinahitaji fanicha, fanicha inahitaji mlinzi, na mlinzi anarudisha lile geti.

Sasa mambo ya mkataba, ambayo watu wa kiroho hupenda kuyaruka. Uliza kwanza mkataba utakuwa kwa jina la nani, lako au la misheni. Ukiwa kwa jina la misheni, unaondoka kirahisi lakini huna sauti. Ukiwa kwa jina lako, una sauti lakini deni ni lako. Dai kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba bila kupoteza amana endapo kibali chako cha kuishi kitakataliwa au hakitahuishwa, kwa sababu hilo liko nje ya uwezo wako na mwenye nyumba analijua. Angalia kodi inalipwa kwa fedha gani: kama msaada wako unatumwa kwa fedha ya kwenu na kodi ni kwa fedha ya huko, thamani ikiyumba ni wewe unayebeba. Tafuta mtu wa kukusomea mkataba katika lugha uliyoandikiwa, na asiwe dalali.

Usisahau serikali. Nchi nyingi hutaka mgeni aandikishe anwani yake mara anapohamia. Ujerumani muda ni wiki 2, na mwenye nyumba lazima akupe hati ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Japani mkazi wa kigeni hutoa taarifa ya anwani ndani ya siku 14 tangu alipoanza kuishi pale. Mahali kama hapo, chumba cha kienyeji cha "njoo ukae tu, mambo ya karatasi tutaona" kinaweza kukuharibia kibali. Hii inamhusu pia anayekaa kwa familia mwenyeji.

Na nyumba yenyewe itembelee mara mbili, mara ya pili jioni. Mchana dalali atakuonyesha mwanga na rangi mpya. Jioni utajua kama taa za ngazi zinawaka, muziki unatoka wapi, na kama bomba linatoa maji saa ambayo kila mtu amerudi kazini na anaoga. Fungua bomba la juu kabisa na usubiri. Rangi iliyopakwa juzi sehemu moja tu ya ukuta, hasa chini ya dirisha au pembeni mwa dari, iguse kwa kiganja. Ikiwa baridi na laini, kuna unyevu uliofichwa, na utarudi msimu wa mvua. Kisha mwulize jirani, si mwenye nyumba, kwa nini aliyetangulia alihama.

Ya kurithi au tupu

Ukishajua aina ya makazi, linabaki swali ambalo ofisi hukuamulia mara nyingi: utaingia kwenye nyumba iliyoachwa na wamisionari waliokutangulia, pamoja na vyombo vyao, au kwenye nyumba tupu?

Nyumba ya kurithi inakuokoa wiki za kutafuta godoro na jiko. Ndani ya mlango wa kabati la jikoni, kama waliotangulia walikuwa watu wenye mpangilio, utakuta karatasi iliyobandikwa: fundi bomba, anayejua kurekebisha jiko, siku ya kupita gari la taka, swichi ipi isiguswe ukiwa na mikono mibichi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko makochi. Kwenye droo ya chini utakuta pia funguo nyingi zisizofungua chochote, chaja za simu zilizopitwa na wakati, na dawa zilizokwisha muda. Vitupe siku ya kwanza.

Kisichotupika ni sifa ya waliotangulia. Kama waliwapa majirani mikopo, majirani watakuja kuomba mikopo. Kama hawakumfungulia mtu mlango, hakuna atakayebisha. Kama mke alifundisha kushona kila Alhamisi, Alhamisi wanawake watafika na vitambaa vyao, wewe hujui hata kutunga uzi. Ukweli ni kwamba hurithi nyumba, unarithi ratiba. Waandikie waliotangulia kabla hawajasahau, uwaulize mambo matatu: nani alikuwa na desturi ya kuja, nani anadai au anadaiwa, na ahadi ipi haikutimizwa.

Nyumba tupu ina gharama zaidi na uchovu zaidi, ila kila kitu ndani yake kina habari ya mtu aliyekuuzia au aliyekusaidia kubeba. Anayenunua meza mtaani kwa wiki kadhaa, kipande kwa kipande, anajulikana na mafundi seremala kabla hajajulikana kanisani. Kwa anayekaa zaidi ya miaka miwili, ningechukua tupu. Kwa mwaka mmoja, chukua ya kurithi bila kujiuliza mara mbili, ubadilishe mapazia.

Kuhusu vya kubeba kutoka kwenu, niseme kifupi: usibebe kitu cha umeme kinachotoa joto. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, Japani ni 100, na sehemu kubwa ya dunia iliyobaki ni kati ya 220 na 240. Chaja za simu na kompyuta kwa kawaida hukubali zote, na zinahitaji plagi tu ya kubadilishia. Pasi, birika na kikaushia nywele hazikubali, na kibadilisha umeme cha kuziendesha ni kizito kuliko zenyewe. Nunua huko.

Nani achague ipi

Kwa mtu mmoja au wenzi wasio na watoto, wenye miaka kadhaa mbele yao na lugha ya kujifunza, ningependekeza mfuatano badala ya chaguo moja: familia mwenyeji kwanza, kwa muda uliokubaliwa, kisha kupanga katika mtaa uleule. Mmisionari Mary Slessor alifanya hivyo bila kuita mpango. Mwaka 1888 alipohamia Okoyong, katika eneo la Calabar, Nigeria ya leo, alianza kwenye chumba alichopewa ndani ya ua wa chifu wa Ekenge, kati ya wake na watoto, na baadaye ikajengwa nyumba yake ya udongo papo hapo. Cha kushika ni kwamba hakuhama kijiji. Ukitoka kwa familia ukaenda kupanga upande wa pili wa mji, unatupa nusu ya ulichochuma. Ukipanga umbali wa kutembea kwa miguu, mama wa nyumba atakuja kukagua unavyofagia, na utakuwa na mtu wa kumwuliza maana ya barua uliyoletewa na manispaa.

Familia yenye watoto wadogo ipange tangu mwanzo, au ianzie ndani ya uzio kwa muda mfupi wenye tarehe. Kuwaweka watoto wanne kwenye sebule ya mwenyeji ni kumtwisha mzigo ambao hatausema. Watoto wenyewe watapata marafiki wa mtaani kabla yenu, na kupitia wao mtajikuta mmezoeana na wazazi wenzenu.

Mwanamke anayekwenda peke yake asipewe jibu na watu walio mbali. Awaulize wanawake wa pale, waamini na wasio waamini, kama wao wangemwacha binti yao aishi peke yake katika nyumba ile, na jibu lao alitangulize mbele ya la ofisi. Mahali pengine jibu litakuwa ghorofa yenye majirani wengi. Mahali pengine litakuwa familia, miaka yote.

Wenzi wazee wanaotumika mwaka mmoja au miwili, ambao magoti yao hayapendi ngazi na dawa zao zinataka friji, wachukue nyumba ya kurithi iliyo karibu na hospitali na kituo cha basi, na wasisikilize mtu yeyote anayewaambia kwamba wangekaa "kama wenyeji" wangefanya kazi zaidi. Wenyeji wa umri wao nao wanapenda lifti. Wanachoweza kuongeza ni kiti kimoja cha ziada karibu na mlango, na siku moja ya wiki ambayo majirani wanajua kwamba chai ipo.